Babinski, Trousseau na Wenzao: Ishara za Kitandani na Namna ya Kuzifanya Zikaaminika

Tarehe 22 Februari 1896 Joseph Babinski aliwasomea wenzake wa Société de Biologie, mjini Paris, taarifa ambayo ilipochapwa haikuzidi mistari 28. Alikuwa na jambo moja tu la kusema. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa ugonjwa wa ubongo au wa uti wa mgongo, akichomwa kidogo unyayoni, vidole vya mguu uliopooza havijikunji kwenda chini kama vya mguu mzima, vinanyanyuka. Miaka miwili baadaye alirudi na makala ndefu, akaeleza kwamba dole gumba ndilo la kutazamwa na kwamba ukingo wa nje wa unyayo hujibu vizuri kuliko wa ndani. Mwaka 1903 akaongeza kuachana kwa vile vidole vinne vingine. Wapo waliowahi kuona dole gumba likinyanyuka kabla yake, lakini yeye ndiye aliyelipa maana.

Maana hiyo ilikuwa na uzito. Babinski alilelewa kitaaluma katika hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot, enzi ambayo wodi zilikuwa na wagonjwa wengi waliopooza bila neva zao kuwa na dosari yoyote. Hali hiyo waliiita histeria. Katika mchoro mashuhuri wa André Brouillet wa mwaka 1887, Charcot anafundisha, na Babinski ndiye aliyesimama nyuma ya mwanamke aliyelegea akimshikilia asianguke. Mtu aliyefanya kazi mahali pale alihitaji ishara ambayo mgonjwa hawezi kuiigiza wala mwalimu hawezi kumpandikizia mgonjwa kwa maneno. Aliipata, lakini si Salpêtrière. Mwaka 1892 aliangushwa kwenye mtihani wa kupandia uprofesa, na tangu 1895 hadi 1922 akafanya kazi katika hospitali ya La Pitié, akiwapima wagonjwa mmoja mmoja kwa mikono yake.

Naandika haya kwa tabibu, muuguzi, mwanafunzi wa udaktari, na yeyote anayetaka kujua kwa nini daktari anamkwaruza unyayo. Ishara hizi za Wafaransa zimeharibiwa na tabia moja: tunalihifadhi jina, tunakitupa kitendo. Kila moja ni swali linaloulizwa sehemu moja tu ya mwili, kwa namna moja tu ya kuuliza. Ukiuliza vibaya utajibiwa vibaya, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili kama ukweli.

Nianze na namna dole gumba linavyofanya kazi. Ukimkwaruza unyayo mtoto mchanga, mguu mzima unataka kukimbia: nyonga inajikunja, goti linajikunja, kifundo kinapanda, na dole gumba linapanda pamoja navyo. Ni refleksi, yaani jibu la mwili lisilongoja hiari, ya kujiondoa kwenye kinachoumiza, na kazi yake ni kuufupisha mguu. Kuna nyuzi za neva zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo, zinaitwa njia ya piramidi. Zikishakomaa, kwa wengi ndani ya mwaka wa kwanza na kwa baadhi hadi karibu miaka 2, hulitoa dole gumba katika mkumbo ule, nalo hubaki likijikunja chini. Zikiharibika popote njiani, dole gumba linarudi kwenye tabia ya utotoni. Ndiyo maana ishara hii kwa mtoto wa miezi 4 haina tafsiri ya ugonjwa, na kwa mtu wa miaka 40 ni jambo zito.

Sasa kitendo chenyewe. Mlaze mgonjwa chali, goti limenyooka, mguu umelegea, unyayo una joto. Mwambie utakachofanya, maana mguu ulioshtuliwa hujikunja wote. Chukua kitu butu: mpini wa nyundo ya refleksi, ufunguo, au kile kijiti cha mbao cha kuchunguzia koo. Sindano achana nayo, ingawa Babinski mwenyewe alianza kwa kuchoma. Anza kwenye kisigino upande wa nje, panda polepole kwa ukingo wa nje wa unyayo, ukifika chini ya kidole cha mwisho pinda kwenda ndani, na uishie kabla ya kufika shina la dole gumba. Safari nzima ichukue sekunde 5 au 6. Macho yako yasifuate mkono; yawe kwenye dole gumba, pale linapoungana na mguu. Mwendo wa kwanza ndio unaohesabika. Kama kweli linapanda, utauona ukano wake ukitutumka juu ya mguu, na misuli ya paja ikikaza wakati huohuo.

Makosa yanayojitokeza mara nyingi yana sababu zinazoeleweka. Ukikwaruza katikati au upande wa ndani wa unyayo unaamsha refleksi nyingine, ya vidole kushika, na dole litakwenda chini hata kama njia ya piramidi imekatika. Ukikwaruza haraka na kwa nguvu, mgonjwa anauvuta mguu kwa hiari yake, vidole vinachezacheza, na wewe unaandika unachokitaka. Mguu wa baridi haujibu. Mtu ambaye neva inayonyanyua dole gumba imeumia pale kando ya goti hawezi kulinyanyua hata ishara ikiwepo. Mwombe kwanza alinyanyue mwenyewe. Na unyayo wa mtu aliyetembea peku shambani maisha yake yote una ngozi nene kiasi kwamba unaweza usisikie kitu. Hapo tumia njia ya Charles Chaddock, Mmarekani aliyewahi kujifunza kwa Babinski: kwaruza nje kabisa ya unyayo, chini ya kifundo upande wa nje, kuelekea kidole cha mwisho. Jibu lake husomwa vilevile.

Dole kupanda si kiharusi wala uvimbe moja kwa moja. Linaweza kupanda kwa muda baada ya mtu kuanguka kifafa, au sukari ikishuka mno, kisha likarudi. Mgonjwa aliyepoteza fahamu akiwa na madole yote mawili juu, pima sukari kwanza kabla ya kufikiria safari ya kwenda kupigwa picha ya ubongo. Na kinyume chake, saa chache baada ya uti wa mgongo kuumia kwa ajali, refleksi zote huweza kunyamaza; kutokupanda kwa dole hapo hakumtoi mgonjwa hatarini.

Katika ukanda wetu upo ugonjwa unaoonyesha thamani ya kitendo hiki kuliko kiharusi. Konzo ilielezwa na Giovanni Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, na mwaka 1985 ililipuka wilaya ya Tarime, Tanzania. Mtu aliyekuwa mzima, mara nyingi mtoto au mama, anapooza miguu yote miwili ndani ya siku chache, misuli ikiwa imekakamaa, kisha hali inasimama pale ilipofika. Chanzo chake ni sianidi iliyobaki kwenye muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, kwa kawaida wakati wa njaa au ukame, na kwenye mlo usio na nyama, samaki wala maharage ya kutosha kuusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinataka mambo matatu: mwendo wa kukakamaa ulio sawa pande zote mbili, mwanzo wa ghafla usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa na afya bila kuzidi baadaye, na refleksi za magoti au vifundo zilizo kali pande zote bila dalili za ugonjwa wa pingili za mgongo. Dole gumba hupanda kwa wengi wao. Kijijini, mbali na mashine yoyote, nyundo na ufunguo vinatosha kutenganisha konzo na polio: polio hulegeza mguu, huzima refleksi, na dole halipandi. Kifua kikuu cha pingili nacho hunyanyua dole, kwa hiyo pitisha mkono mgongoni utafute pingili iliyotokeza au inayouma ukiigusa, na uliza kuhusu homa na kukonda. Huyo ana matibabu, na akicheleweshwa atapooza moja kwa moja.

Unapoandika, usiandike "Babinski hasi." Chora mshale kwa kila mguu, juu au chini, na kama hakuna kilichosogea, andika kwamba hakuna kilichosogea. Hayo ni majibu matatu tofauti.

Charles Lasègue, aliyeishi 1816 hadi 1883, hakuwahi kuichapisha ishara inayobeba jina lake, ile ya kunyanyua mguu ulionyooka kwa mwenye maumivu yanayoshuka mguuni. Mwanafunzi wake J. J. Forst ndiye aliyeiandika kwenye tasnifu yake ya mwaka 1881, na mwaka mmoja kabla Laza Lazarević, daktari Mserbia, alikuwa ameshaieleza kwa lugha yake. Lazarević ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu sababu: neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka nyuma ya mguu, inavutwa. Forst alidhani misuli ndiyo inayoibana.

Mgonjwa analala chali. Shika kisigino kwa mkono mmoja, mkono mwingine uweke juu ya goti lisijikunje, nyanyua mguu taratibu. Ishara ipo pale maumivu yanaposhuka kupita goti, yakifuata njia ya neva hiyo, mguu ukiwa umenyanyuliwa kati ya nyuzi 30 na 70 kutoka kitandani. Kuvutika nyuma ya paja baada ya nyuzi 70 ni misuli tu. Kuumwa kiuno bila kitu kushuka mguuni si Lasègue, na hapa ndipo faili nyingi zinapodanganya. Ukifika kwenye maumivu, shusha kidogo hadi yatulie, kisha pinda kifundo kuelekea juu. Yakirudi, neva ndiyo inayolalamika, kwa sababu kitendo hicho huvuta neva bila kuongeza mvuto kwenye misuli ya paja.

Uhakiki wa mwaka 2010 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa upasuaji ishara hii ilikuwepo kwa takriban 92 kati ya 100 wenye diski iliyotoka (diski ni ule mto laini kati ya pingili za mgongo), lakini kati ya wasio na diski ni 28 tu katika 100 ambao hawakuwa nayo. Ukinyanyua mguu usiouma na maumivu yakajitokeza kwenye mguu mgonjwa, hesabu inageuka: wachache wanayo, ila aliye nayo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na diski kweli. Fanya miguu yote miwili kila mara. Ukimwona mtu ambaye jibu lake linakutia shaka, mketishe ukingoni mwa kitanda na umnyooshe goti kana kwamba unaangalia unyayo. Ni mvuto uleule, na mwenye neva iliyobanwa ataegemea nyuma mwenyewe. Na kabla hajaondoka muulize kuhusu mkojo na ganzi sehemu za siri. Akiwa na ganzi hapo au mkojo unagoma kutoka, hiyo ni dharura ya upasuaji, na mambo ya nyuzi ngapi hayana kazi tena.

Vita vya mwaka 1914 viliwaletea madaktari wa Ufaransa maelfu ya mikono na miguu iliyokatwa neva kwa risasi na vyuma vya mizinga. Mwaka 1915 Jules Froment wa Lyon alieleza ishara ya gazeti. Mwaka huohuo Jules Tinel akaeleza ishara ya kuwashwawashwa, na miezi michache kabla yake, upande wa pili wa vita, Mjerumani Paul Hoffmann alikuwa ameandika jambo lilelile.

Ya Froment ndiyo ninayotamani kila zahanati inayoona ukoma iijue vizuri, kwa sababu inauliza neva ya alna, na neva hiyo ndiyo ukoma huiandama mno, pale inapopita nyuma ya kiwiko. Tanzania bado inagundua wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Mpe mgonjwa karatasi ngumu iliyokunjwa, aishike kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja: dole gumba limelala bapa ubavuni mwa kidole cha shahada, ngumi mbili zikielekeana. Mwambie avute kama anayetaka kuichana. Mkono usio na dosari hubana kwa msuli ulio ndani ya kiganja, kati ya dole gumba na shahada, na dole gumba hubaki limenyooka. Msuli huo ukikosa neva ya alna, mwili unaazima nguvu mahali pengine: msuli wa kukunja ncha ya dole gumba, unaotumikiwa na neva nyingine ya mkono, ya mediani, unashika kazi, na kiungo cha ncha kinajikunja kwa ghafla. Unaona pembe kwenye dole gumba moja na jingine limenyooka.

Kosa la kwanza ni kumwacha mgonjwa ashike karatasi kwa ncha za vidole, kama anayeokota shanga. Hapo kila mtu hukunja dole gumba. La pili ni kusahau kwamba ukoma huweza kushika neva ya mediani pia. Akiwa amepoteza zote mbili, na msuli ule wa kukunja ncha nao umelegea, hana nguvu ya kuazima. Karatasi inachomoka tu bila dole kujikunja, na mpimaji asiye makini anaandika kwamba ishara haipo. Ndiyo maana hatuishii kwenye karatasi. Papasa nyuma ya kiwiko, juu kidogo ya mfupa wa ndani, ukilinganisha pande mbili: neva iliyonenepa hutelezateleza chini ya vidole, na mara nyingi inauma. Mwambie atanue kidole cha mwisho ukikizuia. Gusa ngozi ya upande huo kwa kalamu, macho yake yakiwa yamefungwa. Udhaifu uliotokea ndani ya miezi 6 iliyopita bado unaweza kuokolewa kwa prednisoloni pamoja na dawa za ukoma. Ukishapita muda huo, kinachobaki zaidi ni mazoezi, viatu, kinga ya mikono na upasuaji wa kuhamisha kano.

Tinel naye ametendewa vibaya. Siku hizi jina lake linatajwa mtu anapogongwa kifundo cha mkono kutafuta neva ya mediani iliyobanwa, kazi ambayo yeye hakuiandikia. Alichokuwa akikitafuta ni kujua kama neva iliyokatwa inaota upya. Gonga kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, ukianzia mbali na jeraha na kupanda kuelekea jeraha, juu ya njia ya neva. Mahali mgonjwa anapohisi michomo midogo ikienda kwenye eneo linalohudumiwa na neva hiyo, si pale ulipogonga, ndipo zilipofika nyuzi changa. Pima umbali kwa sentimita kutoka kwenye mfupa usiohama, uandike pamoja na tarehe. Neva huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo baada ya mwezi mmoja alama isogee karibu sentimita 3. Isiposogea kwa miezi kadhaa, huku kovu lenyewe likiuma vikali ukilisogelea, nyuzi zimekwama humo na mgonjwa ni wa daktari wa upasuaji. Tinel alisisitiza kutenganisha maumivu na kuwashwawashwa: maumivu ni neva iliyokasirishwa, kuwashwawashwa ni neva inayoota. Wiki chache za kwanza usitegemee kitu. Na ikisogea, bado haijaahidi kwamba msuli utarudi.

Armand Trousseau, aliyezaliwa Tours mwaka 1801 na kufundisha hospitali ya Hôtel-Dieu ya Paris, ameacha ishara mbili zisizo na uhusiano wowote. Ya kwanza ni ya upungufu wa kalsiamu. Yeye alikuwa akifunga mkono kwa kitambaa. Mkanda wa presha aliubuni Riva-Rocci mwaka 1896, miaka mingi baada ya kifo chake. Leo unajaza mkanda hadi milimita 20 za zebaki juu ya presha ya juu ya mgonjwa, unasubiri dakika 3 kamili. Mkono ukikosa damu, neva zenye kalsiamu pungufu zinafyatuka zenyewe: kifundo kinakunjika, vidole vinajikunja kwenye mashina lakini vimenyooka kwenye viungo vyake, dole gumba linaingia kiganjani. Madaktari wa Ufaransa waliuita mkono wa mkunga. Ukifungua mkanda, mkazo hauachii papo hapo.

Wengi wanafungua baada ya dakika moja kwa sababu mgonjwa analalamika. Anaumia kweli, kwa hiyo mweleze mapema, lakini dakika moja haijibu swali. Ganzi peke yake bila mkao ule haihesabiki. Na mtu anayepumua harakaharaka kwa hofu anaweza kuionyesha kalsiamu yake ikiwa ya kawaida kwenye maabara, kwa kuwa damu yake imepungukiwa asidi na kalsiamu iliyo huru imeshuka. Bado naiamini kuliko ya Chvostek, ile ya kugonga shavu, ambayo watu wengi wenye afya wanayo. Mahali pake pa kwanza ni wodi ya upasuaji, siku mbili tatu baada ya kutolewa goita, mgonjwa anaposema midomo inamfa ganzi. Ikiwepo, usingoje jibu la maabara kutoka mjini: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20, iliyochanganywa kwenye dekstrosi, kwa mshipa, polepole ndani ya dakika 10, huku moyo ukifuatiliwa. Hakikisha sindano iko ndani ya mshipa, maana ikivuja inaunguza nyama. Kalsiamu ikigoma kupanda licha ya dozi, fikiria magneziamu iliyoshuka. Isiporekebishwa, utamwaga kalsiamu bure.

Ishara yake ya pili ni damu kuganda kwenye mishipa iliyo karibu na ngozi, leo mguuni, wiki ijayo mkononi, kabla saratani iliyojificha haijajionyesha. Aliieleza kwenye mihadhara ya mwaka 1865. Januari 1867 aliona mshipa wa mkono wake wa kushoto umevimba na kuuma, akamwambia mwanafunzi wake Michel Peter kwamba yeye amekwisha. Alifariki Juni mwaka huo kwa saratani ya tumbo. Mgonjwa mwenye umri mkubwa ambaye mishipa yake inaganda kwa kuhamahama bila jeraha, bila kulala kitandani muda mrefu, mchunguze kwa historia kamili, tumbo, matiti au tezi dume, na uzito uliopungua, badala ya kumpa dawa ya maumivu na kumruhusu aende.

Imebaki moja isiyo na jina la daktari. Mwaka 1842 mshairi Alfred de Musset alikuwa mezani na mama yake na kaka yake Paul, wakaona kichwa chake kinatikisika kidogo kwa kila pigo la moyo. Alipobana shingo kwa dole gumba na kidole cha shahada, kichwa kikatulia. Vali yake ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, ilikuwa inavuja. Daktari Delpeuch ndiye aliyeipa ishara jina la mshairi, mwaka 1900. Wagonjwa wetu wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi wengine wanayo, lakini inaonekana tu uvujaji ukiwa mkubwa. Ya Paul Duroziez, ya mwaka 1861, ina kazi zaidi ya mkono: weka stetoskopu juu ya mshipa wa paja penye kinena, bana mshipa kwa kidole upande wa juu ya stetoskopu na usikie mvumo moyo ukisukuma, kisha bana upande wa chini yake. Ukisikia mvumo wa pili, moyo ukiwa umepumzika, hiyo ni damu inayorudi nyuma. Mkandamizo wa stetoskopu ukizidi utatengeneza mvumo wa kwanza kwa mtu yeyote. Wa pili ndio wa kusikiliza. Ukiusikia, mpeleke apigwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa apelekwe kabla hajabeba mimba.